Fundi Dizeli na Mtambo wa Akiba

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliosimama nje kwa kuwa viti havikutosha, familia imenipa mimi, mdogo wa mjane na shemeji wa marehemu, kazi ya kusoma historia hii, na wakubwa wameniita pembeni wakanionya nisimtanie, lakini mtu niliyetaniana naye miaka thelathini na zaidi sijui nitamsoma vipi kwa sauti ya karani, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Fundi Dizeli mpaka watoto wake wakaitwa wa Dizeli, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stendi ya mabasi, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi baiskeli na mkewe aliyekuwa akiuza mkaa, na mama yake alishikilia mpaka anakufa kwamba mtoto huyu hakulilia maziwa, alilia pale baba yake alipoacha kugonga vyuma, jambo ambalo mimi siliamini hata kidogo, ila nimeagizwa nilisome.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akaendelea na sekondari hadi 1976, kisha chuo cha ufundi, ambako alihitimu mwaka 1979 katika fani ya mitambo, na huko chuoni aliwahi kufungua pampu ya maji ya mkuu wa chuo bila kuombwa na mtu, akaisafisha, akaifunga, pampu ikavuta maji kuliko siku iliponunuliwa, na adhabu akapewa vilevile.

Tarehe 7 Januari 1980 aliajiriwa katika kituo cha umeme cha mji huu, lile banda la mabati mnalolijua, ambalo wakati ule lilikuwa na mitambo mitatu ya dizeli, kila mmoja mkubwa kama lori, na hapa niwaeleze ninyi mliozaliwa juzi, kwamba enzi hizo nchi yetu haikuwa na nishati ya kwake ya kutosha, dizeli yote ilikuja kwa meli, ikinunuliwa kwa fedha za kigeni ambazo zenyewe hazikuwepo, na bei ikipanda huko kwa watu, huku kwetu nauli ilipanda, unga ulipanda, na mshumaa nao ulijiona dhahabu. Meli ikichelewa, mji ulikaa gizani, na lawama zote zilimwangukia yeye, utadhani ndiye nahodha, watu wakimsimamisha njiani na kumuuliza leo vipi, naye akiwajibu kwa upole kwamba mafuta yaliyopo ni ya hospitali, yakibaki ni ya pampu ya maji, yakibaki tena ndiyo ya nyumba, na mtaa wake mwenyewe aliuweka wa mwisho kabisa, ndiyo maana baadhi ya majirani zake waliopo hapa walimnunia miaka na miaka, na leo wanalia kuliko sisi.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na dada yangu, fundi cherehani aliyekuwa akishonea kwenye baraza ya duka la vitambaa, na katikati ya sherehe, watu ndio kwanza wameshika sahani, mtambo namba mbili ukachemka na taa zikazima, bwana harusi akainuka na suti yake akaenda kituoni bila kuaga, na dada yangu, badala ya kukaa kulia kama tulivyotarajia, akavua viatu akamfuata, akamshikia tochi wakati anakaza bomba, wakarudi wote wawili wana mafuta hadi kwenye viwiko, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, isipokuwa mama yetu, ambaye hakumsamehe kwa ajili ya lile gauni mpaka alipopata mjukuu.

Walijaliwa watoto watatu, binti aliyezaliwa mwaka 1986 ambaye ni muuguzi, kijana aliyezaliwa mwaka 1989 ambaye anafanya kazi kwenye mitambo ya gesi, na kitinda mimba wa mwaka 1994 ambaye ni mwalimu, na marehemu ameacha wajukuu wanne.

Sasa nifike mwaka 2006, maana bila mwaka huo historia hii ingekuwa fupi na yenye raha zaidi. Tarehe 1 Julai mwaka ule njia kubwa ya umeme iliingia hapa, umeme wa bwawa letu na gesi yetu, wa kuombea meli hapana tena, na tulicheza barabarani, marehemu akiwemo, kwa sababu alijua kuliko sisi sote adha tuliyoachana nayo. Faida zilionekana haraka, sitaki kuzificha, mashine za kusaga zikashusha bei, dawa za hospitali zikapata friji isiyozima, fedha zilizokuwa zikiishia kwenye matangi zikaanza kuonekana kwenye barabara na madarasa, na mimi mwenyewe ninayewasomea, karakana yangu ya kuchomelea nisingeifungua bila umeme ule. Lakini madereva wa malori ya mafuta walikaa kijiweni, mama aliyekuwa akiwapikia pale getini alifunga jiko akahama, na mafundi wenzake walilipwa kiinua mgongo wakatawanyika, mitambo miwili ikauzwa chuma chakavu, akabakizwa yeye peke yake na mtambo mmoja, uliopewa jina la mtambo wa akiba, ambao kazi yake ilikuwa kukaa, na kazi ya marehemu ilikuwa kuuwasha kila Jumamosi asubuhi, kuuacha uungurume kidogo, na kuuzima.

Umeme huohuo ulileta viwanda vya nguo katika mji ule wa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima, na mwaka 2008 dada yangu aliitwa kusimamia safu ya cherehani, kwa mshahara ambao barazani hakuwahi hata kuuota, wakakubaliana kwamba atangulie, na marehemu atafuata mara tu mtambo utakapoondolewa, akisema wakija kuubeba na yeye abebwe. Miaka ikapita, mtambo haukubebwa. Dada yangu alipumzika Jumapili tu, na marehemu alifungwa na Jumamosi, aliomba abadilishiwe siku akakataliwa, hivyo safari za kuonana zilikuwa za kuzima mtambo, kukimbilia basi, kufika usiku, na kugeuza kesho yake kabla ya chakula cha mchana kuiva. Aliishi katika nyumba yenye taa usiku kucha na hana wa kumwangazia, maneno hayo ni yake, aliniambia karakanani kwangu huku akijifanya anatafuta spana, na nilipomtania kwamba amezeeka na bado ana wivu wa bwana harusi, hakucheka, alisema anamkumbuka mpaka mikono inamuuma.

Tarehe 24 Oktoba 2013 walikuja wakaguzi kutoka makao makuu, na kanuni ilikuwa kwamba mtambo wa akiba ukigoma kuwaka mara tatu mbele yao unafutwa na kuuzwa, na msimamizi wake anahamishiwa anakotaka. Wiki nzima dada yangu alimsihi kwa simu asifanye kitu chochote kibaya, asivunje wala asifiche kitu, aache tu kuutengeneza siku hizo chache, uzee wake ufanye kazi, naye akaahidi, na dada yangu akanunua kitanda kikubwa. Siku ilipofika, marehemu aliamka akiwa na ahadi yake kichwani, akaenda kituoni mapema ili akae tu, akasema ngoja nifute vumbi, akafuta, akaona chujio chafu, akasema chujio si kitu, akalisafisha, akatoa hewa kwenye bomba, akapasha mafuta moto, mikono ikienda yenyewe kama ilivyoenda maisha yake yote, na wakaguzi walipobonyeza, mtambo uliwaka papo hapo, bila hata kukohoa. Walimpigia makofi, wakamshika mkono, wakaandika kwamba mtambo ubaki mpaka atakapostaafu. Alikuja kwangu hajui ampigie mkewe aseme nini, nikapiga mimi, na dada yangu akasema alijua, akakata, na kile kitanda alikilalia peke yake.

Mwezi Machi 2017 marehemu alianza kusumbuliwa na mapafu, moshi wa ujana wake ulikuwa umemngoja, na mwezi Juni madaktari walitaka awe karibu na hospitali kubwa iliyoko katika mji ule wa viwanda, kwa hiyo aliyeshindwa kuhamishwa na wakaguzi alihamishwa na kikohozi, akafikia chumba cha mkewe akiwa na begi moja. Waliishi pamoja miezi minane. Kila Jumamosi alimpigia askari wa getini hapa kumuuliza kama mtambo umewashwa, na askari, ambaye yupo hapa na ameniruhusu kulisema hili, alimjibu kila mara kwamba umewashwa na unaunguruma vizuri, wakati hakuna aliyeugusa, na mwezi Novemba ulipofanyiwa majaribio uligoma mara tatu ukafutwa, wala hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Jumamosi ya tarehe 10 Februari 2018 hakuuliza. Simu ilikuwa mkononi mwake, akaiweka chini, akamwomba dada yangu asiende kazini, akae tu karibu yake, na dada yangu anasema tangu mtambo upewe jina la akiba hiyo ndiyo Jumamosi yao nzima ya kwanza, na alikuwa na furaha siku ile, anaona aibu kusema lakini alikuwa na furaha. Marehemu alifariki kesho yake, Jumapili tarehe 11, asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliopika na kulala nasi, wafanyakazi wenzake wa zamani waliokuja kutoka kila walikotawanyikia, askari wa getini kwa uongo wake mwema, na uongozi wa kiwanda cha nguo, ambao pia unaombwa usimngojee msimamizi wake, kwa sababu dada yangu ameacha kazi, cherehani yake na kile kitanda vilishushwa hapa juzi pamoja na jeneza, na amesema atakaa katika mji huu alikolala mumewe, haendi popote.

Pumzika kwa amani, shemeji, mke wako ameshafika.