Siku Niliyouona Moyo Wangu

Ndugu zangu, sifa ni za Bwana aliyenipa pumzi ya kusimama mbele yenu. Mi ni Espérance wa Buterere, wengi mnanijua.

Miaka ile ya vita moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio kama mtu anayefukuzwa. Nikibeba ndoo ya maji, nahema. Nikilala chali, pumzi inakata. Miguu ikavimba. Nikajiambia ni woga wa risasi, maana nani mjini hakuogopa? Mume wangu Déo, mchukuzi wa bandarini, naye aliamini hivyo. Majirani wakanong'ona kwamba ni laana.

Aliyenishtukia ni mama mkwe. Tulikuwa tunapepeta mchele, akaniwekea mkono kifuani.

"Mwanangu," akasema, "wiki hii yote hatujasikia bunduki. Huu moyo unaogopa nini?"

Akanipeleka kwa daktari wa moyo. Njiani nililia, nikidhani nitapasuliwa siku ileile. Ndugu zangu, daktari hakugusa kisu. Aliniuliza maswali tu: nalala vipi, nachoka nikifanya nini, utotoni niliwahi kuumwa koo na viungo? Niliwahi, sana. Akanisikiliza kifua na mgongo bila haraka. Nikabandikwa nyaya, mashine ikachora mistari, wala haikuuma. Kisha akanipaka mafuta baridi, akapitisha kichombo kifuani, na moyo wangu ukatokea kwenye kioo cha mashine, unapiga.

Mama mkwe akasogea. "Dogiteri, ndiyo huo? Masikini, unavyohangaika."

Daktari akatuonyesha mlango mmoja wa moyo usiofunga vizuri, kovu la ugonjwa ule wa utotoni.

"Si woga, mama, wala si laana," akasema.

"Nitakufa?"

"Apana, si kwa sasa. Meza dawa, urudi nikuangalie. Usiache hata ukijisikia mzima."

Nilitoka mle nikiwa mgonjwa bado, lakini hofu imenitoka. Miguu ikapungua polepole, nikaanza kulala vizuri. Mungu aliniokoa kwa mkono wa mama huyu aliyeketi pale nyuma. Hata leo, kabla ya kunisalimu, ananiuliza, "Umemeza?"

Ndugu yangu, kama kifua kinakusumbua, mtumaini Bwana, na uende kwa daktari. Ukiogopa kwenda peke yako, pitia kwetu. Mi na mama tutakusindikiza.