Jina Nililolimeza kwenye Mdomo wa Shimo

Ndugu zangu, Bwana asifiwe hapa mbele, asifiwe na kule nyuma karibu na mlango. Mimi ni Mama Lazaro. Nilizaliwa Kibakwe, nikaolewa huku Dodoma, na shule niliishia darasa la pili. Kuandika kwangu ni kwa shida, lakini Mungu alinipa kitu kimoja: sisahau jina la mtu. Hata waliobatizwa nami nawajua wote, waliokufa na walio hai. Leo nashuhudia jinsi nilivyokitumia kipawa hicho kumuumiza mtoto wa jirani yangu, na jinsi Yesu alivyonitoa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara huria imeingia, mashirika ya umma yanafungwa, watu wanapunguzwa kazini. Mwanangu Lazaro alipunguzwa pia. Ndipo akaja mkandarasi binafsi kupitisha bomba kubwa la maji. Bomba lilipofika barabara ya lami, serikali ilikataza lami isikatwe. Basi wakachimba shimo refu upande huu na lingine upande wa pili, wakashusha mashine yenye keekee ndefu kuliko mtu, ikawa inatoboa kwa ubavu chini ya barabara huku magari yanapita juu. Sisi tulikuwa hatujaona kazi ya namna hiyo.

Nikapata kazi ya kuwapikia. Vibarua wa juu walikula kivulini, lakini wale watano wa mashine hawakupanda, maana kupanda na kushuka kulichelewesha kazi. Chakula niliwashushia kwa kapu la kamba. Nasimama kwenye mdomo wa shimo, naita jina, mtu anaitika "Nipo," nashusha sahani yake. Mika, Stefano, Elia, Ndahani, Yona. Kila siku kwa mpangilio huo.

"Mama Lazaro, leo nyama imetukimbia?" Mika huniuliza kutoka chini.

"Kula mlenda, Mika. Mdomo wako ndio ungetoboa hiyo barabara, mashine ingepumzika."

Walicheka hadi mwangwi ukarudi. Nami nilicheka, ila jina la mwisho lilikuwa linanichoma. Yona alikuwa mtoto wa Damari, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Yeye alipewa mashine, Lazaro wangu akapewa kulinda stoo. Mshahara wa miezi michache tu, Yona akambomolea mama yake tembe la udongo na kumjengea nyumba ya bati. Ndugu zangu, lile bati! Asubuhi jua likitoka lilinipiga machoni nikiwa bado nafagia. Mvua ikinyesha, mimi nasogeza sufuria chini ya matone, nasikia kwa Damari mvua inacheza ngoma juu ya bati. Damari alikuwa ananiita, "Mama Lazaro, njoo ukae huku pakavu." Nikasema nina kazi. Sikuwa na kazi yoyote. Nilikaa gizani kwenye matone nikimchukia mwanamke aliyeniita pakavu.

Basi akaja bwana wa bima, Bwana Kalinga, kijana wa heshima, akanipa shikamoo. Alikuja kuwapanga wafanyakazi katika mafungu. Fungu la kwanza ni walinzi, wapishi na wabeba maji. Fungu la pili, wachimba mitaro ya wazi. Fungu la tatu ndilo la hatari, wale wa shimoni na mashine. Mtu wa fungu la tatu akiumia, bima inamtibu hospitali kubwa mpaka apone. Akiumia mahali ambapo fungu lake halimruhusu kuwa, haipo bima.

Karani wa mkandarasi alikuwa mgeni, hajui nani ni nani. Akasema, "Muulize mama huyu. Yeye ndiye daftari letu."

Nikaanza kutaja, Bwana Kalinga anaandika. Mika, shimoni. Stefano, shimoni. Elia na Ndahani, shimoni.

"Na Yona?"

Nikatazama kule nyumbani. Bati lilikuwa linang'aa. Nikasema, "Yona anabeba maji."

Ndivyo nilivyosema. Sikufikiri mguu wala mfupa. Nilitaka tu mahali fulani, hata kama ni kwenye karatasi, mtoto wa Damari awe chini ya mtoto wangu au sawa naye. Bwana Kalinga akaandika fungu la kwanza, pamoja na Lazaro. Usiku ule nililala vizuri, ndugu zangu, ndiyo aibu yangu kubwa.

Mvua za Januari zikalowesha udongo. Mchana mmoja ukuta wa shimo ukaporomoka. Wanne waliruka, Yona akafunikwa hadi kiunoni na mashine ikamlalia mguu. Walimtoa kwa mikono. Akapelekwa hospitali, na waganga wakasema mguu ule unahitaji kupasuliwa na kuwekwa chuma Dar es Salaam, ama ukatwe hapa hapa, na hauwezi kungoja zaidi ya wiki. Bima ikajibu kwamba mbeba maji hakutakiwa shimoni. Hawatoi kitu.

Damari akaja kwangu anakimbia, khanga inamwanguka. "Mama Lazaro, yule karani amemwandika mwanangu vibaya! Wewe husahau jina. Twende ukawaambie."

Nikamwambia nina homa, nitakwenda kesho. Akanigusa shingo, akasema, "Kweli una joto, pole," akaenda kunichemshia maji. Jamani!

Lazaro alikuwa amekaa mlangoni, kichwa chini. Akaniambia, "Mama, nafasi ya Yona nilipewa mimi kwanza. Niliogopa lile shimo. Nikaomba stoo." Sikuwahi kujua. Miezi yote ile niliona wivu juu ya kitu ambacho mwanangu mwenyewe alikirudisha kwa mikono miwili.

Jumatano tulikuwa na maombi ya akina mama. Kawaida mimi ndiye ninayetaja wagonjwa, maana siachi hata mmoja. Nikafunga macho nikataja: Mzee Chilongani, kifua. Lea, uchungu wa kuzaa. Perisi, macho. Nikafika kwa Yona. Jina likakataa kutoka. Nilifungua mdomo mara tatu, koo limekaza kama mtu amenishika. Kina mama wakadhani nalia. Nikajua ni Bwana amelizuia, mpaka nilitoe kwa njia ile niliyolimezea.

Nikafumbua macho, nikamgeukia Damari aliyepiga magoti kando yangu. "Mama Yona, siyo karani. Ni mimi. Niliulizwa, nikamshusha mwanao fungu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya bati lako."

"Bati?" Damari akasema. "Nilikuita kila mvua."

"Ndiyo. Ulikuwa unaniita."

Nikapiga magoti kuomba msamaha. Akanishika mkono, lakini si kwa upole, akaninyanyua. "Mguu kwanza. Msamaha utakuja nyuma yake. Vaa viatu."

Tukamkuta Bwana Kalinga. Nikamweleza. Akaweka kalamu chini. "Mama, juzi ulisema hivi, leo unasema vile. Nitajuaje lipi ni kweli?"

Nikamwambia, "Baba, njoo saa ya chakula."

Akaja. Mkandarasi naye akasimama pale, amenuna, maana ada ya fungu la tatu ni kubwa na yeye ndiye anayeilipa. Nikashika kapu langu, nikaita. Mika. "Nipo." Stefano. "Nipo." Elia. "Nipo." Ndahani. "Nipo." Kisha nikaita Yona, na ndugu zangu, jina likatoka wazi kama maji. Kimya. Halafu sauti ya Mika, bila mzaha siku hiyo: "Mama, nafasi yake iko hapa kwenye mashine. Na kofia yake tumeifukua."

Wakaiweka kofia kwenye kapu. Nikaivuta juu, nikampa Bwana Kalinga, udongo wa shimo umeganda ndani. Aliigeuza, akasoma jina lililokwaruzwa kwa msumari, akaandika fungu la tatu palepale, amesimama.

Yona alikwenda Dar es Salaam siku ya sita tangu aumie. Mguu ulibaki. Mkandarasi alinifukuza kazi siku ileile ya kofia, akasema mpishi mwongo hamtaki, na alisema kweli. Nikarudi na kapu langu kichwani, na moyo mwepesi ambao sikuwa nao tangu bati lile lilipopigwa msumari wa kwanza. Msamaha wa Damari ulikuja kama alivyosema, nyuma ya mguu. Mvua ilipoanza aliniita, "Mama Lazaro, pakavu huku." Nikaenda.

Asante Yesu uliyenifungua koo. Wewe mpendwa unayenisikia, yupo mtu ambaye jina lake likitajwa kwa mema unatazama pembeni. Mimi naujua moyo huo ulio nao sasa, maana nilikuwa nao. Usingoje ukuta uporomoke. Mwite Bwana, kisha ulitaje jina hilo kwa wema, leo.

Nami nalitaja la kwangu. Yona, mtoto wa Damari, simama.

Mnamwona? Anakuja mbele, anachechemea kidogo. Mwitikieni kwa Amina.