Kilichobaki ni cha Mgeni: Maisha ya Mwalimu Vestina Kyaruzi

Baba Paroko, wazee wa ukoo, mashemeji zetu wa Kibeta, walimu, majirani, na ninyi watoto mliokuja na sare zenu za shule, mimi ni Onesphory Kyaruzi, mdogo wake marehemu, ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, na baadhi yenu mmeniomba asubuhi hii nisome kwa upole, nimewasikia, lakini nitayasoma kama yalivyokuwa.

Vestina alizaliwa Kamachumu, Wilaya ya Muleba, tarehe 14 Machi 1979, mwaka ule wa vita, akiwa mtoto wa tatu wa Ta Kyaruzi na Ma Joviana, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo huo. Alianza shule ya msingi hapo hapo Kamachumu mwaka 1987, akamaliza 1993, na alikuwa mtoto wa kuuliza kwa nini, tabia iliyompatia viboko vingi kuliko utundu wetu sisi wengine wote. Alisoma sekondari hapa Bukoba kuanzia 1994 hadi 1997, kisha akajiunga na chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 2000.

Aliajiriwa tarehe 2 Julai 2001, akapangiwa kisiwa cha Bumbire, ambako walimu wengi walikuwa wakiripoti Jumatatu na kuomba uhamisho Ijumaa, yeye akakaa miaka mitano, akifundisha Hisabati watoto wa wavuvi, wengi wao Wasukuma. Huko ndiko alikokwama kwenye kugawanya kwa baki, samaki kumi na saba kwa watu watano, kila mtu watatu, baki wawili, watoto wakawa hawaelewi kabisa hiyo baki ni kitu gani, kwa sababu kwao chakula hakibaki, mpaka binti mmoja aitwaye Minza akamweleza mwalimu wake kwamba hao wawili ni wa mgeni. Na kwetu Wahaya ni vivyo hivyo, mama akipakua hutenga cha mgeni hata kama hakuna mgeni anayetarajiwa, kwa hiyo dada yangu akaanza kufundisha hivyo, watatu watatu, mgeni wawili, na darasa zima likaelewa siku ile ile. Minza huyo sasa ni muuguzi, amevuka ziwa kuja kumzika mwalimu wake, na yuko hapa mbele.

Tarehe 2 Oktoba 2004 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Avit Byarugaba, wakajaliwa watoto wawili, Renatha aliyezaliwa 2005 na Datius aliyezaliwa 2009. Mwaka 2006 alihamia Bukoba, katika shule ya msingi ambayo sitaitaja jina, mliomo mnajijua.

Kila mwaka, kuanzia Agosti, aliwaita watoto wa darasa la nne hapa kibanjani, kwenye migomba hii ya nyumbani kwake, siku ya Jumamosi, kujiandaa na mtihani wa ujirani mwema, ule wa pamoja kwa shule jirani, unaouliza mambo yote tangu darasa la kwanza. Aliwarudisha mwanzo kabisa, kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, sehemu, saa na vipimo, kwa punje za buni zilizomwagwa mkekani, na aliyeelewa alimweleza mwenzake kwa Kihaya kama ndiyo lugha iliyomfika, jambo ambalo shuleni lilikuwa na adhabu. Saa sita walikula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, wakaendelea. Mwalimu Mkuu wa shule hiyo, Mwalimu Gamaliel, alikuja mara kadhaa, akakaa kwenye kigoda, akala, akasikia watoto wakisema mgeni wawili, mgeni mmoja, akacheka nao.

Oktoba 2022 watoto wake walifanya vizuri kuliko shule zote jirani, na katika kila swali la kugawanya, badala ya baki, waliandika mgeni. Wasahihishaji wa shule nyingine wakaona neno hilo hilo kwenye karatasi zote, wakasema ni alama ya siri, mtihani umevuja, na tarehe 2 Novemba dada yangu akaitwa kwenye kikao, akaeleza, wakamcheka. Mwalimu Gamaliel alikuwepo katika kikao kile. Alijua. Aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka, na kesho yake asubuhi akasimama mstarini, mbele ya bendera na watoto wote, akatangaza kwamba Mwalimu Vestina ameiba mtihani.

Watoto walirudishwa kwenye chumba cha mtihani, maswali mapya, msimamizi kutoka nje, wakafaulu tena, wakaandika mgeni tena. Ndipo Januari 2023 tuhuma ikafutwa, lakini ilifutwa ofisini, mlango umefungwa, kwa kunong'onezana. Mstarini haikutajwa. Sokoni watu wakaendelea kusema lisemwalo lipo, wazazi wakazuia watoto Jumamosi, na dada yangu akaendelea kutandika mkeka, wakija wawili anafundisha wawili. Alikwenda kwa Mwalimu Gamaliel kuomba atangaze mstarini kama alivyotangaza mwanzo, akaambiwa asubiri muda muafaka, akasubiri miaka miwili. Nina hasira, Baba Paroko, sitaificha mbele ya jeneza.

Aprili 2024 alianza kuugua figo, akatibiwa hapa Bukoba, kisha Mwanza, akafariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, akiwa na miaka arobaini na mitano. Madaktari wametuambia ni figo, mimi si daktari, sibishi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, tunawashukuru majirani wa Kibeta kwa kuni, maji na ndizi, hata ninyi mliomwamini kimya kimya tunawashukuru, ingawa kimya chenu hakikumsaidia. Tunawashukuru walimu wenzake kwa kuja, mngekuja mwaka 2022 tungewashukuru zaidi.

Mwalimu Gamaliel ameomba nafasi ya kutoa salamu za rambirambi, na wazee wa ukoo wamekaa wakakubali, kwa sharti ambalo amelipokea mbele ya mashahidi. Hatasoma hotuba. Atageukia watoto hawa, atasema kwamba Mwalimu Vestina hakuiba mtihani, na atasema kwa sauti ile ile ya mstarini. Mpaka atakapomaliza, jeneza halishuki. Dada, wewe sikiliza kwanza, kisha upumzike kwa amani.

Mwalimu, karibu usimame.