Kilo Tatu na Nusu za Bwana Gramu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika Kitengo cha Ukaguzi wa Mizani, mwenzetu tunayemwita Bwana Gramu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa sababu meza yangu inatazamana na yake, na kwa sababu wengine wote walioombwa walisema wana kazi. Nitajitahidi kutotia chumvi. Huyu ni mtu ambaye sifa zikizidi kidogo atazirudisha.

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Hospitali, maabara na viwanda vya nchi kadhaa vina mizani, mizani hupotoka, na lazima mtu aende na mawe ya chuma yaliyothibitishwa aone imepotoka kiasi gani. Mtu huyo alikuwa yeye. Alianza kama msaidizi wa maabara, akawa mkaguzi, kisha mkaguzi mkuu, cheo ambacho hapa kwetu maana yake ni kupanda ndege mara nyingi zaidi na kulala nyumbani mara chache zaidi. Wafanyakazi wapya walipomwona akivuta sanduku kuelekea getini walimwonea kijicho. Walidhani anakwenda kula maisha.

Maisha yenyewe yalikuwa hivi. Sanduku la mawe makubwa lilikula kilo zote ishirini na tatu anazoruhusiwa abiria kupeleka chini. Kisanduku cha mawe madogo, pamoja na glavu za kuyashikia, kilikula karibu mzigo wote wa mkononi. Ofisi haikulipia mzigo wa ziada hata siku moja, kwa hoja kwamba wanaosafiri ni mawe na yeye anayasindikiza tu. Basi nguo alizivaa. Suruali mbili, mashati matatu, na juu yake koti ambalo fundi cherehani alilishonea mifuko ya ndani mpaka likawa kabati. Mswaki, chaja, kandambili na soksi vilisafiri kifuani. Nchi za joto alizifikia akiwa ametota jasho kama aliyekuja kwa miguu.

Kwenye ukaguzi wa usalama hakuna aliyempenda, hasa waliopanga foleni nyuma yake. Kisanduku kilipopita kwenye eksirei kilionekana kama habari mbaya. Koti nalo lilirudishwa mara kwa mara, maana kila mfuko ulizaa jambo jipya. Ofisa mmoja alifungua sanduku, akavitazama vile vipande vinavyong'aa, akamuuliza kwa huruma, “Mzee, huko unakokwenda hawana chuma?” Bwana Gramu akamjibu kwamba wanacho, ila hakijathibitishwa. Ndege hiyo alikuja kuisikia ikiruka.

Kwa shida hizo alijifunza hila zake, nasi tuliomfuata tumezirithi. Usipange foleni nyuma ya mwenye kigari cha mtoto wala nyuma ya mwenye buti za kamba. Tafuta mfanyabiashara mwenye viatu vya kuchomoa. Chupa ya maji ipitishe tupu, ujaze upande wa pili. Wakitangaza kwamba ndege itachelewa kidogo, usiulize kidogo ni kiasi gani, kimbilia benchi lisilo na mikono ulale. Wakianza kuita abiria, endelea kukaa mpaka usikie jina lako likitamkwa vibaya kwenye spika. Na chagua kiti cha pembeni upande wa kushoto. Kwa nini kushoto hajawahi kusema, nasi hatujathubutu kukaa kulia.

Mahali pamoja tu hila zote zilimgomea, napo ni pale kwenye mizani ya kaunta. Sanduku lake analijua uzito mpaka unywele, na cheti anacho. Niliwahi kusimama naye mizani ikaonyesha limezidi. “Binti yangu, mizani yako inazidisha gramu mia nane,” alimwambia binti wa kaunta. Yule binti hakuinua hata macho. “Baba, kila mtu anasema hivyo.” Alilipa kwa fedha zake. Safari nyingine, aliyoongeza jiwe moja, mizani ya uwanja mwingine ilionyesha pungufu, nikashukuru Mungu kimoyomoyo, naye akamwita msimamizi kumweleza kwamba mzigo wake una kilo zaidi ya zinazoonekana. Msimamizi alimpa mkono, akamsifu sana, akamtoza. Mimi nilijifanya simjui.

Aliyeumizwa zaidi na haya yote ni shemeji yetu, mke wake. Wake za wasafiri wengine waliletewa sufuria na mapazia. Yeye aliletewa hereni, sindano na vipande vya vitambaa vyepesi, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyoingia kwenye koti. Binti yao wa pekee alipoolewa nchi ya mbali, shemeji alimwomba mumewe mara nyingi ampelekee angalau kifurushi, kwani kazi zilimpitisha kule kule. Jibu lilikuwa lile lile, hakuna nafasi. Siku moja alimwambia mbele yetu, “Mawe yako yanazunguka dunia, mimi na mwanangu tunaonana kwenye simu.” Tulicheka. Shemeji hakucheka, na mpaka leo naona aibu kwa kicheko kile.

Mwaka huu binti alijifungua mtoto wake wa kwanza. Safari ya mwisho ya Bwana Gramu ilikuwa ya mji huo huo, na kwa mara ya kwanza mawe yalitangulizwa kwa kampuni ya mizigo. Shemeji alikatiwa tiketi kwa pointi za safari za mumewe, zile ambazo shirika la ndege humruhusu mtu kuzitumia siku yoyote asiyotaka kusafiri. Akafunga sanduku moja kwa ajili ya wote wawili, maana tiketi ya pointi haikuwa na mzigo wa chini. Ndani, juu kabisa, aliweka blanketi la mjukuu. Alilishona kwa mkono miezi yote ya ujauzito, kutokana na vile vitambaa vyepesi vilivyosafiri kwenye koti.

Bwana Gramu aliliinua sanduku mlangoni na mkono wake ukamwambia ukweli. Lilizidi kilo tatu na nusu, na tangazo la shirika lilishasema kwamba ndege imejaa, mzigo uliozidi haupokelewi hata kwa malipo. Mikoba ya mkononi ilishafura. Alishauri shemeji ajifunge blanketi safari nzima. “Siendi kwa mkwe wangu nimejifunika kama mgonjwa,” shemeji akasema. Alishauri wapunguze vitu, waanze na blanketi. “Basi mimi nibaki, blanketi liende.”

Kwenye kaunta sanduku lilipandishwa kwenye mizani. Ilisoma ishirini na tatu kamili. Bwana Gramu aliiona imepotoka, akafungua mdomo kama alivyofanya miaka yote. Shemeji hakumfinya wala hakumsihi. Alilitazama tu sanduku, kama mama anayemtazama mtoto akiingizwa kwa daktari. Bwana Gramu akafunga mdomo. Sanduku likabandikwa karatasi, likaenda zake.

Angani hakupata usingizi. Taa ya mikanda ilipozimika alimfuata mhudumu wa ndege, mama wa makamo, akamnong'oneza kwamba rubani amebeba kilo tatu na nusu asizozijua. Mhudumu alishtuka. “Za nini, baba?” “Blanketi la mjukuu.” Yule mama alimshika bega, akamrudisha kwenye kiti. “Lala, baba. Rubani naye ana wajukuu.”

Waliporudi nchini, Bwana Gramu alibeba mawe yake mpaka uwanjani, akairekebisha mizani ile bila malipo. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho katika utumishi. Mizani sasa iko sawasawa, kwa hasara yetu sote.

Mkuu wa kitengo aliposoma rasimu hii alishauri kisa hicho kiondolewe, kwa kuwa siku ya kuagana mstaafu atapewa tuzo ya uadilifu. Bwana Gramu mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisema tukikiondoa, taarifa itakuwa pungufu, na yeye hatasaini. Kwa hiyo sisi wakaguzi wenzake tulikaa kikao. Kanuni zetu huiruhusu kila mizani kukosea kidogo kabla ya kukataliwa. Tuliweka upande mmoja utumishi wake wote, upande wa pili kosa moja la blanketi ambalo mtoto yule, kwa maelezo ya bibi yake, halali bila kufunikwa nalo. Tumempitisha kwa kauli moja.

Asante, kaka, kwa yote uliyotubebea. Tunakuombea afya, usingizi wa kitandani, na miaka mingi ukiwa na nguo moja tu mwilini. Mkialikwa tena kwa binti yenu, mwache shemeji afunge sanduku. Wewe libebe, usilipime.