Mama Régine na Banc ya Pa Mulango

Tarehe 31 Agosti 1956, Mama Régine Chileshe ataweka chini fer ya kupasia mu buanderie, nyumba ya kufulia nguo ya hospitali yetu, kisha miaka makumi mbili na saba ya kazi. Aliingia wakati tulikuwa bado tunafulia mu mapipa. Mashini zilipofika, alizifanyia kwanza alama ya musalaba.

Hakuna doa ilimushinda. Soutane ya padri yenye kumwangikiwa mafuta ya mawese ilirudi nyeupe, naye akamupa padri penitensi: kula polepole.

Lakini kazi yake kubwa ni ingine. Ku mashuka ya bamama bazee aliona kile hakisemwe: mukojo unabatoka kama banakohola, banacheka ao banapiga magoti. Bengi banafikiri ni buzee tu. Banaacha kunywa maji, ku kanisa banakaa pa banc ya pa mulango ili batoke mbio, mwisho banaacha misa.

Rafiki yake Mama Chomba pia alifika ku hali ile. Harusi ya mujukuu wake Claudine ilikaribia, naye alisema hataenda, eti magoti inamuuma. Sisi wote haya ilitufunga kinywa. Lakini Mama Chomba ni wa jamaa ya Mamba, Mama Régine wa jamaa ya Samaki, na hizi jamaa mbili beko batani: banasemeana yote, hakuna kukasirika. Basi Mama Régine alimufuata ku nyumba, akamuuliza tangu siku gani mamba anaogopa kulowa. Mama Chomba akajibu ya kama samaki wa maneno mingi anaishia mu chungu. Akacheka mupaka ikamutoka tena, na ile pia akaicheka.

Mama Régine alimushonea bitambaa bya kukunja, bya kukatwa ku mifuko ya bunga, na kamba ya kufunga. Akamupeleka kwa masœur, mutawa wa hospitali, mwenye kumufundisha kukaza mwili kama muntu anazuia mukojo, kisha kuachilia, kila siku, na kunywa maji bila woga. Haikuisha yote. Lakini ku harusi Mama Chomba alikaa mbele kabisa, akapiga magoti, akacheza mupaka jua likashuka.

Tangu pale bamama bengi banapita pa mulango ya nyuma ya buanderie kutafuta bitambaa. Mimi pia nilipita, na sina haya kuisema.

Mama Régine, unaenda kulima mihindi yako kule Kasungami. Aksanti kwa yote. Mungu akupe mvua ya kipimo, afya na kicheko. Ile banc ya pa mulango, siku ya Mungu, sasa banaikalia babaume wenye kuchelewa tu.