Kamba ni ya Mungu: Maisha ya Fundi Asheri Shekiondo, 1906–1958

Ndugu na majirani, wa kanisani na wa msikitini, tunayemsitiri leo ni Mzee Asheri Shekiondo, fundi visima wa Ngamiani.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1906 huko Bumbuli, milimani Usambara, mtoto wa tatu wa Mzee Manase Shekiondo. Alianza shule ya misheni mwaka 1914, lakini vita ikaifunga. Kusoma alijimalizia mwenyewe machungani, akiandika mchangani kwa kijiti. Watoto wa leo wana madaftari, na jina la babu yao hawalijui.

Mwaka 1927 aliteremka pwani kukata mkonge. Miiba ilimchosha, akahamia Ngamiani na kujifunza kuchimba visima kwa Mzee Mwinyijuma Uweso, ambaye yuko nasi hapa. Tangu hapo Asheri alichimba, Mwinyijuma akashika kamba. Zama hizo fundi hakujitumbukiza shimoni kama panya. Alisimama ukingoni akauliza, "Kamba ya nani?" Mwenzake akajibu, "Ya Mungu. Mimi nimeshika ncha tu." Ndipo akashuka. Sasa vijana wanangoja bomba, na adabu ile wanaicheka.

Tarehe 1 Oktoba 1932 alifunga ndoa na Ruthi, binti wa Mzee Ernesti wa Bumbuli. Mungu akawajalia watoto watatu.

Alhamisi, tarehe 9 Agosti 1951, alikuwa chini ya kisima katika kijiji kimoja njia ya Pangani, mchanga ulipoporomoka. Kamba ilikatika. Yowe likapigwa, na watu wakaacha majembe wakaja mbio, maana wakati ule yowe lilikuwa bado ni yowe. Siku hizi mtu huchungulia dirishani kwanza. Walichimba mpaka jasho likawakauka, na kila walichotoa mchanga ulikirudisha. Mwishowe wazee wakaamua kwamba amekwisha, na kwamba shimo lilelile liwe kaburi lake. Wakristo wa kambi ya mkonge wakaanza nyimbo za maziko, wanawake wakaangua kilio.

Chini, Asheri alikuwa hai. Mbao za kuzuia kuta zilikuwa zimeangukiana juu yake, zikamwachia nafasi ya kichwa na mkono mmoja. Mchanga ulimbana kifua, kila pumzi akaiomba kama maskini anavyoomba. Alisikia kila kitu. Alisikia nyimbo, akatambua ni za maiti, akajua maiti ni yeye. Aliita mpaka sauti ikafa, lakini nani angemsikia, na wote juu wanamlilia? Hapo akaacha kuwaita watu. "Bwana," akasema, "hao wamechoka. Umebaki wewe." Akalirudia neno hilo kwa sauti ya mkwaruzo, hana lingine.

Majembe yalikuwa yameinuliwa kufukia, Mwinyijuma aliponyoosha mkono.

"Wenzangu mmemwimbia. Nami niacheni nimwombee dua kwa desturi yetu. Nyamazeni kidogo."

Wakanyamaza, kwa heshima tu. Naye kabla hajafungua kinywa akakishusha kiganja.

"Mtu anaongea humu."

"Ni jini, Mwinyijuma," mmoja akasema. "Tuondoke."

"Jini gani linasali Kilutheri? Shusheni mbao, mnachimba kama mnalima mihogo."

Jua lilikuwa halijazama walipomtoa. Neno lake la kwanza kwa Mwinyijuma lilikuwa hili: "Umenichelewesha, ndugu yangu. Nimesikiliza nyimbo zote, na mwimbaji wenu mmoja hajui kuimba."

Ila tangu siku ile hakulala tena nyuma ya mlango uliofungwa. Mbuzi wa jirani wakaizoea nyumba. Ruthi alikuwa akimwambia, "Baba Beatrisi, huyu beberu sasa mpe jina, maana analala ndani kuliko wanao." Naye alicheka, na mlango haukufungwa.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka jana. Hospitali alilazwa chumba cha ndani, akaomba kitanda cha mlangoni. Aliambiwa si utaratibu. Enzi zetu mgonjwa aliulizwa anataka kutazama wapi. Pumzi ikambana tena, safari hii bila wa kumchimbua, naye akarudia maneno yake ya kisimani. Ruthi alimshika mkono mpaka alipofariki, Jumanne, tarehe 4 Novemba 1958.

Ameacha mjane wake Ruthi, watoto wake Beatrisi, Rafaeli na Praxeda, wajukuu wanne, na mshika kamba wake.

Aliacha ombi moja. Jeneza likishateremshwa, kabla ya udongo, sote tunyamaze: wimbo ukome, na kilio pia. Tusikilize mpaka Mzee Mwinyijuma atakapoinua kichwa na kusema inatosha. Yeye ndiye atakayeshika ncha ya kamba ya kuteremshia jeneza. Ukingoni mwanawe Rafaeli atamwuliza ni ya nani, naye anajua la kujibu.

Mungu ampumzishe Asheri mahali palipo wazi.