Shangazi Aliyebaki Bila Meza

Tarehe thelathini mwezi huu, Shangazi wetu wa ustawi wa jamii anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii miaka thelathini na mmoja. Uongozi umeniomba mimi, fundi seremala, niandike habari zake. Wamefanya la maana. Shule niliiacha mapema, lakini humu hakuna kitanda wala mlango usionijua.

Kazi ya Shangazi ni ile inayobaki daktari akishamaliza kusema. Mama hataki mwanawe akatwe mguu, ndugu wanasukumiana nani amchukue mzee: wote kwa Shangazi. Na kila aliyeingia, Shangazi alitoka nyuma ya meza na kiti chake, akaketi ubavuni kwake. Miguu ya kile kiti nimeibadilisha mara kumi. Wapo watakaosema mbili, waacheni.

Ikaja miaka ya wagonjwa wengi, na yeye yuko peke yake. Nikaona kiti hakisogei tena. Anasikiliza akiwa kulekule nyuma ya meza, macho dirishani. Utani wangu, uliowahi kumchekesha mtu aliyechomwa nusu kaputi, haukumtoa hata tabasamu. Mwisho akaomba ahamishiwe stoo. Alisema blanketi angalau halimlilii mtu.

Hapo nikafanya ufundi usiofundishwa chuoni. Niliingia nikatangaza kwamba meza ina mchwa, na tukizubaa wodi nzima inakwenda chini. Meza ya mninga, ya kubebwa na watu wanne, nikaitoa peke yangu.

Siku hiyohiyo akaja bibi aliyefiwa na mjukuu. Meza hakuna, magoti karibu yagusane. Bibi akamtazama usoni, akamuuliza na yeye huwa anapewa pole na nani. Walilia wote wawili hadi nikawasikia karakanani, msumeno ukinguruma.

Kesho yake alikwenda kwa daktari mkuu akadai likizo na mwenzake wa kugawana naye kazi. Akapata vyote, na habari ya stoo ikaishia hapo. Tangu hapo, kila Ijumaa, wawili hao hufunga mlango wakapeana pole kwanza, ndipo waende makwao.

Meza bado iko karakanani. Mchwa sijamwona. Mwenzake anayebaki hajaiulizia.

Shangazi, ahsante kwa yote. Kapumzike salama, na popote utakapoketi, asikosekane wa kukusogezea kiti.